Mama hunipigia kila usiku kunieleza ugomvi wake na baba

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 25, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Nafanya kazi duka la dawa Dar es Salaam, wazazi wako Morogoro. Tangu nipate akili baba na mama ni watu wa kugombana: pesa, mashemeji, mwanamke wa nje. Kumpiga alimpiga mara moja ninayoikumbuka, nikiwa darasa la nne. Mara nyingi walinuniana hata wiki tatu, sisi ndio tunapeleka maneno. Nilikuwa najua baba amerudi na hali gani kwa jinsi anavyoegesha pikipiki. Sasa nimeondoka nyumbani, lakini mama hunipigia karibu kila usiku, na husema alivumilia kwa ajili yetu. Silali bila Piriton mbili. Tumbo linauma, nimepima vidonda vya tumbo mara mbili, hakuna kitu. Mlango ukibamizwa moyo unaruka. Mchumba wangu anataka kuleta posa. Mwaka mzima hatujawahi kugombana, namshukuru Mungu, ila akikaa kimya tu naanza kuomba msamaha hata sijui wa nini. Mdogo wangu wa kiume anasema nakuza mambo, mbona yeye yuko sawa. Je, nina ugonjwa wa akili? Na nitaolewa nikarudie yaleyale?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ugonjwa, maana naona ndilo linalokutisha zaidi. Kwa barua sipimi mtu, ila naweza kukuambia ninachokisoma. Tukimshuku mtu ana sonona tunatafuta huzuni, au kukosa hamu ya vitu alivyokuwa akivipenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Hayo hukuyaandika. Umeandika usingizi, tumbo, moyo kuruka, na kuomba msamaha kabla hujashtakiwa. Hiyo inafanana zaidi na wasiwasi uliopitiliza. Kama umekuwa nao miezi sita au zaidi, na siku za kuwa nao ni nyingi kuliko za kutokuwa nao, basi unastahili matibabu, na matibabu yapo. Na tumbo lako linauma kweli, hujiumbii. Ubongo na utumbo vinawasiliana kwa mishipa ya fahamu muda wote, na mwili unaoishi kwa tahadhari hauachi tumbo salama. Vijana wengi huja kwangu wakiwa wamemaliza dozi za vidonda vya tumbo na za taifodi, wengine zaidi ya mara moja, na hakuna aliyewahi kuwauliza nyumbani kwao kukoje.

Sasa hiyo pikipiki. Mtoto anayesikiliza kama stendi imeshushwa taratibu au imepigwa teke, kisha anaamua wadogo zake waendelee kucheza sebuleni au waingie chumbani, huyo ni mlinzi yuko zamu. Uliilinda nyumba ile vizuri. Shida ni kwamba hakuna aliyekuja kukuambia zamu imekwisha. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, na kazi yake kubwa ni kujifunza ni ishara gani hutangulia hatari. Ikishajifunza haingoji ushahidi. Inaamsha mwili, homoni iitwayo adrenalini inamwagika, baadaye kidogo nyingine iitwayo kotisoli inafuata, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakimbia. Jambo hilo likitokea mara mojamoja mwili hutulia ukaendelea na maisha. Likitokea jioni baada ya jioni kwa miaka kumi na zaidi, mwili unazoea kushtuka kwa kitu kidogo. Jirani yako wa Dar anafunga mlango wake kwa sababu ana haraka, na moyo wako unaitikia kama vile pikipiki imeingia uani Morogoro.

Wazazi wengi hujitetea kwamba waligombana watoto wakiwa wamelala. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na watoto 20 wa miezi 6 hadi 12. Waliwaweka katika mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, wakiwa usingizini, wakawasikilizisha sentensi zisizo na maana zilizosemwa kwa sauti tofauti, mojawapo ikiwa ya hasira kali. Wale waliotoka katika nyumba zenye ugomvi mwingi ubongo wao uliitikia zaidi ile sauti ya hasira, hasa sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Ni watoto wachache, siwezi kujenga nyumba nzima juu yao, lakini ile hoja ya "walikuwa wamelala" imepungua nguvu.

Watu wakisoma barua yako watashika lile tukio la darasa la nne. Ni kweli halipaswi kupita hivihivi: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na mtoto anayeshuhudia mama akipigwa ameumizwa, hata kama mkono haukumfikia. Mimi hata hivyo nimekaa zaidi kwenye zile wiki tatu za kununiana. Mark Cummings, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuwachunguza watoto wakitazama watu wazima wakigombana, alionyesha pamoja na wenzake kwamba hasira ya kimya, ya kugeuziana mgongo, huwasumbua watoto karibu sawa na ya makelele. Walionyesha pia jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mtoto akiuona ugomvi umemalizwa, hata nusu, hata kwa kuelezwa baadaye kwamba "mimi na mama yako tumeshaongea", msongo wake hupungua sana. Wazazi wote hugombana. Baadhi ya watoto hukua wakiona watu wakikosana, wakizungumza, mmoja anaomba radhi, maisha yanaendelea.

Wewe umeona mianzo mingi bila mwisho hata mmoja. Nadhani nyumbani kwenu ilikuwa hivi: asubuhi moja mama anapakua chai, anamsogezea baba kikombe, baba anauliza sukari iko wapi, basi, wameanza kuongea. Hakuna aliyesema nini kilikwisha na kwa vipi. Ukabaki na hesabu zako za kitoto: labda ni kwa sababu niliosha vyombo, labda kwa sababu nilipata namba tatu darasani. Mtoto aliyejifunza hivyo, akikua, kimya cha mchumba ni kibaya kwake kuliko matusi. Matusi yana mwisho. Kimya cha kwenu kilikuwa wiki tatu.

Kuhusu mdogo wako wa kiume, usimfanye shahidi wa upande wa pili. Mwaka 1990 wanasaikolojia John Grych na Frank Fincham walieleza kwamba kinachomuumiza mtoto hutegemea sana jinsi anavyouelewa ugomvi anaouona: je, kuna hatari, na je, mimi ndiye chanzo? Ndugu wawili wa tumbo moja, chini ya bati moja, wanaweza kupata majibu tofauti kabisa. Yeye alikuwa na wewe mbele yake, unayemwingiza chumbani. Mbele yako hakukuwa na mtu. Isitoshe wewe ndiye uliyepeleka maneno: "mwambie baba yako hela ya gesi imeisha", "mwambie mama yako ajue na yeye ana mikono." Mtoto aliyekaa katikati namna hiyo huchukua mzigo ambao aliyekuwa nje akicheza mpira hakuuona. Inawezekana kweli yuko sawa, nami namwombea iwe hivyo. Inawezekana pia kwake limetokea kwa mlango mwingine. Vijana wa kiume huja kwetu kwa sababu ya pombe, kubeti, au hasira za ghafla, na hawaiti hayo wasiwasi. Usimchunguze. Mpigie kwa mambo ya kawaida.

Hili la kuvumilia kwa ajili yenu linahitaji maneno machache zaidi. Paul Amato na Alan Booth walifuatilia familia za Kimarekani kwa miaka mingi, na mwaka 1997 wakachapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: watoto wa ndoa zenye ugomvi mkali walikuwa na hali nzuri zaidi utu uzimani pale wazazi walipoachana kuliko pale walipoendelea kuishi pamoja. Kwa ndoa zenye ugomvi mdogo ilikuwa kinyume, talaka ndiyo iliyoumiza. Siwezi kuyahamishia matokeo hayo kwetu moja kwa moja. Huku wazazi wakiachana mtoto anaweza kupelekwa kwa bibi kijijini, mwingine kwa mama wa kambo, wa tatu akaacha shule, na mama asiye na kipato alijua hilo vizuri alipoamua kubaki. Kwa hiyo sisemi mama alikosea. Nasema uamuzi ulikuwa wake, mtu mzima, kwa sababu zake, nawe ulikuwa mtoto mdogo. Akisema alivumilia kwa ajili yenu unaweza kumwonea huruma kabisa bila kulipa chochote.

Na naona unalipa, kila usiku, kwa simu.

Mama yako hana pa kusemea. Huenda alifundwa kwamba siri ya ndoa haitoki nje, akaona wewe ni damu yake, kwa hiyo kukuambia wewe si kuitoa nje. Simlaumu. Lakini tazama kinachotokea: saa tatu usiku anaanza na "umekula, mwanangu?", saa tatu na nusu uko katikati ya ugomvi wa jikoni Morogoro, saa nne yeye ametua mzigo analala, wewe unatafuta Piriton. Kesho yake huwezi hata kujua kama waliongea. Ni peleka maneno ileile, tofauti ni kwamba sasa una vocha. Sheria ya Ndoa imeweka Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwa watu waliokosana, na mpaka mgogoro upite hapo kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka. Baraza lina wajumbe wake. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba mmoja wao awe mtoto wa kwanza wa kike.

Sikushauri uzime simu. Ukizima ghafla, mlinzi aliye ndani yako atakesha akijiuliza kumetokea nini, na mama ataumia bure. Badili saa na badili mada, taratibu. Mpigie wewe kabla hajapiga, saa kumi na moja jioni ukitoka kazini, uongee naye dakika kumi na tano za kweli: afya yake, kikoba, kuku, wewe umeshinda vipi. Akianza, "Baba yako leo tena...", mwache amalize sentensi moja au mbili, umjibu kama mtoto anayempenda mama yake: "Pole sana mama, najua inauma. Hilo la baba mimi sina uwezo nalo, na nikilibeba silali. Naomba umweleze mama mdogo, au yule mama mchungaji unayemwamini." (Kama ni Waislamu, wa msikitini, unamjua mwenyewe.) Atanyamaza. Anaweza kusema umebadilika tangu uende Dar. Sema tena yaleyale siku inayofuata, kwa sauti ileile. Usieleze sana, maelezo marefu yanafungua kesi. Wiki mbili za mwanzo utajisikia mtoto mbaya, na hisia hiyo isikufanye urudi nyuma.

Kama una kawaida ya kutuma hela nyumbani, tuma kisha waandikie wote wawili ujumbe uleule mmoja: nimetuma kiasi fulani kwa namba ya mama, ni ya chakula na dawa. Hela inayokwenda kwa siri ni chanzo kingine cha ugomvi, na wewe utakuwa umeuwasha bila kujua.

Kitu kimoja hakihusu kanuni hii. Mama akikuambia amepigwa au anaogopa kulala nyumbani, hayo si malalamiko ya ndoa. Hapo unasikiliza mpaka mwisho, unamwita ndugu wa karibu aende, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Na kama kuna mdogo wako ambaye bado hajafikisha miaka 18, namba ya simu ya huduma kwa watoto ni 116, haitozwi.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta sentensi moja ambayo baba anaisema. Haimo. Anaegesha pikipiki, ananuna, ana mwanamke wa nje, lakini haongei. Pengine ndivyo alivyo. Pengine pia kwa miaka yote umemjua kwa kusimuliwa. Sikuombi umsamehe wala umtetee. Hilo ni lako na halina haraka. Nakuomba siku moja umpigie simu kwa jambo ambalo halimhusu mama hata kidogo, kwa mfano kumuuliza mvua zimeanza huko na amepanda nini. Ukiwa na uhusiano naye ulio wako, hata uwe mwembamba kiasi gani, utaacha kumsikia kila mahali.

Nije kwa mchumba. Umeandika kwa shukrani kwamba mwaka mzima hamjagombana. Mimi hapo nilisimama. Wanaokua kwenye ugomvi huenda njia mbili. Wengine huiga walichokiona. Wengine huapa kwamba kwao hakutakuwa na ugomvi kabisa, na ili kiapo kisimame wanameza kila kitu, wanaomba msamaha wa bure, wanakubali wasichokitaka, mpaka siku wanapochoka, kisha wanaondoka au wanalipuka na mwenzao anabaki mdomo wazi kwa sababu hakuwahi kuambiwa. Mchumba wako hajui unachokitaka. Hajui hata kwamba akinyamaza unaogopa. Huenda yeye akinyamaza amechoka na foleni tu.

Mwambie. Chagua siku nzuri, hakuna aliyekosea, umweleze kwamba kwenu kimya kilikuwa adhabu, na kwa hiyo ungependa akiwa amechoka aseme "nimechoka, si wewe". Ni maneno matatu, hayamgharimu kitu. Kisha mkubaliane mtakavyogombana. Mtu akishapandwa na hasira mpaka moyo unadunda, hasikii hoja, na mwili huhitaji kama dakika 20 au zaidi kushuka. Kutoka nje kidogo ni sawa, ila anayetoka aseme atarudi saa ngapi, arudi, na jambo liongelewe mpaka lifike mahali. Halafu anza na kitu kidogo ambacho kweli hukipendi. Kataa chipsi kama unataka ugali. Unacheka, lakini kwa mtu aliyelelewa kama wewe, kusema "hapana, sipendi hicho" na kuona mtu hajanuna ndiyo dawa yenyewe, na inabidi imezwe mara nyingi ndipo mwili uamini. Akinuna wiki tatu kwa sababu ya ugali, umejua jambo muhimu kabla ya posa.

Je, utarudia yaleyale? Kuna utafiti maarufu wa California, uliochapishwa kuanzia 1998, ambao uliwahusisha watu wazima zaidi ya 17,000 na kuwauliza kuhusu mateso ya utotoni, kushuhudia mama akipigwa likiwa mojawapo. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na kujaribu kujiua ulivyopanda. Watu huusoma kama hukumu. Takwimu za namna hiyo husema juu ya kundi. Hazijui mtu mmoja alipata shangazi wa aina gani, mwalimu gani, au alitafuta msaada akiwa na miaka mingapi. Kurithi ugomvi wa ndoa kupo, lakini uhusiano wake ni wa kiasi, na wengi waliokulia humo hawaurudii. Wewe umeuliza kabla ya kuolewa. Wateja wangu wengi huuliza wakiwa na watoto wawili.

Wazee waje na posa kama unampenda, sioni kizuizi. Tarehe ya harusi ndiyo usiikimbilie. Jipe miezi kadhaa ya kutibiwa kwanza, na kama inawezekana mje pamoja hata mara moja.

Mwisho Piriton, na hapa naongea nawe kama mtu wa dawa. Unajua ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake ya pembeni. Mwili huizoea haraka, ukaanza kutafuta ya tatu, na asubuhi unaamka kichwa kizito ukadhani ni wasiwasi umeongezeka. Kwa sababu unafanya kazi dukani kishawishi kinachofuata ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Usiiguse bila daktari, inazoesha vibaya na kuiacha ghafla ni hatari. Chai ya rangi usiinywe baada ya saa nane mchana, simu ilale mbali na mto, na amka saa ileile hata siku za mapumziko. Ukishtuka usiku vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane, dakika tano. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usidharau.

Kisha nenda kliniki. Dar una Muhimbili na hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, uulize huduma za afya ya akili. Ukiwahi kupata wazo la kujidhuru, usingoje siku ya kliniki: mwambie mtu mmoja saa hiyohiyo, mwende hospitali yoyote iliyo karibu. Kwa wasiwasi kama wako tiba ya kwanza ni ya mazungumzo, ya kufanyia kazi fikra na matendo, kwa kawaida vikao vya kila wiki kwa miezi michache. Dawa huongezwa ikihitajika. Ukiingia kwa daktari usianze na historia ya wazazi, muda hautakutosha. Anza na usingizi, tumbo na moyo, umwambie ni tangu lini, unatumia Piriton ngapi na kwa muda gani, na umchukulie majibu ya vile vipimo viwili vya vidonda vya tumbo ili asikurudishe kupima cha tatu.